KUJIANDAA KWA USAILI WA KIONGOZI WA UFUNDI KATIKA KAZI YA KOMPYUTA



Katika matoleo yaliyopita tulieleza habari za mikataba, likizo na malipo ya kazi za ziada. Safari hii tunaleta jambo ambalo wenzetu wa idara za kompyuta wametuuliza mara nyingi: mtu aliyeandika programu kwa miaka kumi au zaidi, akiitwa kwenye usaili wa nafasi ya mhandisi mkuu au kiongozi wa ufundi, ajitayarishe vipi?

Wengine watashangaa kuona chama cha wafanyakazi kinafundisha watu kupanda vyeo. Jibu letu ni fupi. Anayekaa katika kiti hicho ndiye anayeamua nani aamshwe usiku mitambo ikisimama, kazi ipewe siku ngapi, kijana mpya afundishwe au aachwe azame, na kosa likitokea, kitafutwe chanzo chake au atafutwe mtu wa kufukuzwa. Viti hivyo vikijazwa siku zote na watu wasioijua zamu ya usiku, watakaoumia ni sisi. Tena tumeona wenzetu hodari wakishindwa usaili, si kwa sababu hawajui kazi, bali kwa sababu hawakujua wanaulizwa nini.

Tuchukue mfano wa dada mmoja wa tawi letu. Kwa miaka tisa alilea mfumo wa malipo wa ofisi yake. Siku ya usaili aliulizwa: "Mfumo ulipohamishwa kwenda kwenye seva mpya, wewe ulifanya nini?" Akajibu: "Tulihamisha usiku wa Jumamosi, tukapima, tukafungua Jumatatu asubuhi." Kila jibu lake lilianza na "tu-". Wasaili waliandika kwamba haijulikani yeye mwenyewe alifanya nini, na nafasi akaikosa. Kumbe ndiye aliyechora mpango wote, ndiye aliyeikataa tarehe ya kwanza kwa kuwa nakala za akiba zilikuwa hazijajaribiwa, na ndiye aliyemweleza mkurugenzi kwa nini wangoje wiki mbili. Hakuyasema hayo kwa kuwa aliona ni majivuno.

Mfano huu tutaurudia, maana ndani yake ndimo ulimo ugumu wa usaili wa namna hii.

NAFASI YENYEWE NI YA NAMNA GANI

Katika makampuni mengi ya kompyuta siku hizi kuna ngazi mbili. Moja ni ngazi ya utawala: huyu anasimamia watu, anaajiri, anapima kazi zao, anapanga bajeti. Ya pili ni ngazi ya ufundi: huyu huenda hana mtu hata mmoja chini yake kwenye karatasi, lakini anaongoza maamuzi ya ufundi katika vikundi viwili, vitatu au zaidi. Kabla ya kufanya lolote, soma tangazo la kazi mara mbili na uulize kwa maandishi: je, nafasi hii ni ya kusimamia watu, ya kuongoza ufundi, au yote mawili? Je, nitaandika programu kila siku au mara moja moja? Tumeona watu wakijiandaa kwa nafasi moja wakasailiwa kwa nyingine.

Elewa pia tofauti kati ya fundi mzuri na kiongozi wa ufundi. Fundi anapimwa kwa kazi aliyoifanya kwa mkono wake. Kiongozi anapimwa kwa kazi iliyofanywa na wengine kwa sababu yeye alikuwapo: waliona njia, walizuiwa wasiingie shimoni, walifundishwa, walipewa nafasi ya kusema. Basi wasaili watakuuliza unajua nini, lakini zaidi watataka kujua unaamuaje, na watu wanakuwaje wakifanya kazi nawe.

USAILI UNA SEHEMU GANI

Taratibu hutofautiana, lakini aghalabu utakutana na sehemu tano. Kwanza, mazungumzo mafupi ya simu na afisa wa ajira. Pili, kuandika programu fupi mbele ya msaili. Tatu, usanifu wa mfumo, yaani unapewa tatizo kubwa na kuombwa uchore jinsi utakavyolijenga jibu lake. Nne, maelezo marefu ya kazi moja uliyowahi kuifanya. Tano, maswali ya uongozi: migogoro, makosa, vijana uliowafundisha, mabosi uliobishana nao. Mwombe afisa wa ajira akutajie sehemu zote, muda wa kila moja na cheo cha atakayekusaili. Hakuna aibu kuuliza. Mwajiri mwema atakuambia, na asiyetaka kukuambia amekuonyesha tabia yake mapema.

Usaili wenyewe utakuwa kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Shauri letu ni hili: eleza kwanza kazi zako kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, mbele ya mtu asiyejua kompyuta. Akielewa, ndipo uhamishie kwenye lugha ya usaili. Maneno makubwa ya kigeni mara nyingi yanaficha kwamba msemaji mwenyewe jambo halijamkaa sawa.

Kama usaili ni kwa njia ya video na kampuni ya ng'ambo, hakikisha saa kwa kutaja nchi zote mbili. Uwe na simu yenye bando na chaji ya kutosha, na uwaambie mapema kwamba umeme ukikatika utaendelea kwa simu. Kusema hivyo si kujidhalilisha. Mhandisi anayepanga mapema njia ya pili anaonyesha kazi yake kabla hajaulizwa swali la kwanza.

KUANDIKA PROGRAMU MBELE YA WATU

Hapa wazee wa kazi huanguka, maana wamezoea kusoma na kusahihisha programu za wenzao kuliko kuandika mpya. Dawa ni mazoezi, nusu saa kila siku. Rudia mambo ya msingi: orodha, majedwali ya kutafutia, foleni, miti, kutafuta na kupanga. Usikariri majibu. Zoea kusema kwa sauti unachofikiri, maana msaili hawezi kuona kilicho kichwani mwako.

Fuata utaratibu huu: rudia swali kwa maneno yako, uliza data zitakuwa nyingi kiasi gani na kama zaweza kuja zikiwa pungufu au mbovu, toa mfano mdogo, eleza njia rahisi kwanza hata kama ni ya polepole, kisha sema utaiboresha vipi. Ukimaliza, ipime mwenyewe kabla hujaambiwa. Anayeomba nafasi ya juu hutazamwa zaidi kwa namna anavyopima kazi yake kuliko kwa kasi ya vidole.

Siku hizi zipo pia programu za akili bandia zinazoandika msimbo. Uliza wazi kama zinaruhusiwa katika usaili. Zikikatazwa, usizitumie kwa siri. Zikiruhusiwa, uwe tayari kueleza kila mstari uliokubali na kwa nini umeukubali. Uwe pia na jibu la swali hili: kama kiongozi, utahakikishaje kwamba kazi iliyoandikwa na mashine inasomwa na mtu anayeielewa kabla haijafika kwa wateja?

USANIFU WA MFUMO: MFANO WA ADA ZA SHULE

Sehemu hii ndiyo yenye uzito kwa nafasi za juu, kwa hiyo tutaitolea mfano mzima. Tuseme umeambiwa: "Buni mfumo wa wazazi kulipia ada za shule kwa simu."

Asiye na mazoezi ataanza kuchora visanduku papo hapo: seva kumi, hifadhidata tano, foleni tatu. Usifanye hivyo. Anza kwa kuuliza. Shule ngapi? Pesa zinapita wapi? Mzazi aweza kulipa kidogo kidogo? Shule inataka kujua baada ya muda gani kwamba mtoto amelipiwa? Nani atashughulikia malalamiko?

Kisha piga hesabu ya mzigo. Tuseme wasaili wamekubali makisio haya: shule 2,000, kila moja ina wanafunzi 500. Hayo ni malipo 1,000,000 kwa muhula. Tunawajua wazazi, na sisi wenyewe ni wazazi: tuseme nusu watalipa siku mbili za mwisho. Ni malipo 250,000 kwa siku. Yakiingia ndani ya saa 10 za mchana, yaani sekunde 36,000, ni karibu malipo 7 kwa sekunde. Hata saa ya msongamano ikiwa mara kumi ya hapo, ni 70 kwa sekunde.

Hesabu hii imekuonyesha jambo kubwa. Malipo 70 kwa sekunde si mzigo wa kutisha. Hifadhidata moja nzuri kwenye seva nzuri yaweza kuubeba. Kwa hiyo ugumu wa kazi hii haumo katika kasi. Umo katika usahihi: pesa ya mzazi isikatwe mara mbili, wala isipotee njiani. Ukisema hivyo mbele ya wasaili, na ukaonyesha hesabu iliyokufikisha hapo, umewaonyesha uongozi wa ufundi, maana umejua wapi pa kuweka nguvu na wapi pa kuacha.

Sasa lieleze tatizo lenyewe. Mama yuko sokoni, anabonyeza kulipa, mtandao unakatika kabla hajapata jibu. Hajui kama pesa imekwenda, kwa hiyo anabonyeza tena. Ufanyeje asitozwe mara mbili? Jibu ni kwamba simu yake ilipe kila ombi la malipo namba yake ya pekee mara moja tu, na ombi likirudiwa lije na namba ile ile. Seva ikiona namba ambayo imekwisha kuishughulikia, hairudii kukata pesa; inarudisha jibu lile la kwanza. Tena kabla ya kuiomba kampuni ya simu ikate pesa, andika kwanza kwenye hifadhidata kwamba malipo haya "yanasubiri". Seva ikizimika katikati, ikiwaka itayakuta yale yaliyosubiri na kuuliza yameishia wapi. Na kila jioni linganisha daftari lako na daftari la kampuni ya simu na la benki, mstari kwa mstari. Wahasibu walifanya hivyo kabla kompyuta hazijazaliwa, na bado hakuna njia inayozidi hiyo.

Baada ya hapo watakuuliza juu ya hitilafu. Watakuuliza mfumo upatikane kwa kiasi gani. Jua hesabu hizi kwa kichwa: upatikanaji wa asilimia 99.9 maana yake mfumo waweza kusimama karibu saa 8 na dakika 45 kwa mwaka, asilimia 99.99 ni kama dakika 53 tu kwa mwaka. Lakini ongeza jambo hili: saa 8 zikiangukia siku ya mwisho ya kulipa ada, asilimia nzuri haitamsaidia mtoto aliyerudishwa nyumbani. Basi huuliza tu "kiasi gani", unauliza pia "lini".

Taja mazingira yetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Mfumo ambao mzazi, shule na benki zote ziko hapa hapa, lakini seva iko ng'ambo, siku kama hiyo hujikuta taabani. Je, nakala ya mfumo ikae karibu? Gharama yake ni nini? Nani atailinda? Hapo utaonyesha kupima faida na hasara, na wasaili ndilo wanalongoja. Kila uamuzi ukiusema, taja umepata nini na umekosa nini. Anayesema njia yake haina hasara hajapata kuitumia.

Mwisho, jihadhari na kishawishi cha kukatakata mfumo vipande ishirini kwa sababu makampuni makubwa hufanya hivyo. Mwaka 1968 Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika kwamba mifumo inayobuniwa na shirika huishia kufanana na jinsi watu wa shirika hilo wanavyowasiliana. Kama kikundi kina watu sita, vipande ishirini maana yake kila mtu analea vitatu na zaidi, na kila kipande kina zamu yake ya dharura. Uliza: nani ataamshwa usiku? Swali hilo ni la ufundi, na ni la haki za kazi pia.

HABARI ZA KAZI ULIYOFANYA

Sasa tumrudie dada yetu. Sisi wa chama tumezoea kusema "sisi", na ni desturi njema. Hata makala haya tumeyaandika hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini msaili anaajiri mtu mmoja, na ana haki ya kujua mtu huyo alifanya nini. Kusema kweli juu ya sehemu yako si majivuno. Majivuno ni kuchukua sehemu ya mwenzako.

Njia tuliyoiona kuwa nzuri ni hii: panga kila habari katika sentensi za namna tatu. Za kwanza zinaanza na "ni-": niliamua, nilikataa, nilichora, nilikosea. Za pili zinaanza na "wa-": wenzangu walijenga, waliona kasoro, walipendekeza. Za tatu ndizo za "tu-": tulikubaliana, tulifungua, tulijifunza. Ukitenganisha hivyo, msaili anaiona kazi yako, na wenzako nao hawadhulumiwi. Tena anayeweza kutaja kwa usahihi kazi ya wenziwe ndiye aliyekuwa akiwatazama kama kiongozi.

Andaa habari nane, kila moja katika nusu ukurasa, kwa mpangilio huu: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, matokeo yalikuwa nini, ulijifunza nini. Tafuta habari hizi:

1. Kazi kubwa iliyofanikiwa.
2. Kazi iliyoshindikana, na sehemu yako katika kushindikana kwake.
3. Ugomvi wa kitaalamu na mwenzako wa cheo kimoja.
4. Mara ulipompinga bosi. Na mara uliyompinga ukashindwa, ukatekeleza uamuzi wake kwa moyo mmoja.
5. Mtu uliyemfundisha akapanda.
6. Hitilafu kubwa uliyoisimamia.
7. Uamuzi uliofanya bila kuwa na habari zote.
8. Deni la ufundi, yaani kazi iliyofanywa kwa haraka ikaachwa bila kutengenezwa, na jinsi ulivyowashawishi wakubwa watoe muda wa kuilipa. Hapa methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta yafaa, lakini bosi atataka umwonyeshe ufa ulipo na ukuta utagharimu kiasi gani.

Weka tarakimu unapozijua kweli: muda ulipungua kutoka wapi hadi wapi, watu wangapi walihusika, ilichukua miezi mingapi. Usibuni tarakimu. Na usitoe siri za mwajiri wako, wala data za wateja, wala michoro ya ndani. Anayemwaga siri za mwajiri wa jana atamwaga na za mwajiri wa kesho, na wasaili wanalijua hilo.

MASWALI YA UONGOZI

Tunatoa maswali mawili yanayokuja mara kwa mara.

La kwanza: "Mradi umechelewa miezi miwili. Utaongeza watu?" Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa uendeshaji wa kompyuta za IBM System/360 katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu yake ni rahisi. Wageni hufundishwa na wale wale wanaofanya kazi, na mawasiliano huongezeka haraka kuliko watu. Watu sita wana jozi 15 za kuzungumza. Watu kumi na wawili wana jozi 66. Basi jibu jema laanza kwa kuuliza: tumechelewa kwa nini? Nini chaweza kuondolewa katika kazi? Tarehe yaweza kusogezwa? Na usiahidi kwamba kikundi kitafanya kazi usiku na mchana. Ahadi hiyo hupendeza masikio ya mwajiri kwa dakika moja, kisha watu huchoka, makosa huzidi, na walio bora huondoka.

La pili: "Mtu wa kikundi chako amefuta data za wateja kwa bahati mbaya. Utafanya nini?" Upo mfano unaojulikana. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, fundi mmoja akihangaika usiku kurekebisha hifadhidata alifuta data kwenye seva kuu badala ya ile ya pili aliyoikusudia. Walipokwenda kutafuta nakala za akiba, waligundua kwamba njia kadhaa za kuhifadhi walizozitegemea zilikuwa hazifanyi kazi. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali, na data za saa hizo zikapotea. Kampuni iliieleza ajali hiyo hadharani, na ripoti yake ilishughulika na taratibu zilizoruhusu ajali itokee.

Funzo ni kwamba mkono uliobonyeza ni sehemu ndogo. Maswali makubwa ni haya: kwa nini seva mbili zilifanana hata mtu aliyechoka akazichanganya? Kwa nini nakala hazikujaribiwa? Basi jibu lako lifuate hatua: kwanza zuia madhara yasienee, rudisha huduma, waambie wateja ukweli, kisha ketini mwandike kilichotokea bila kutafuta mchawi, mwishowe hakikisha marekebisho yamefanywa kweli, si kuandikwa tu. Pasipokuwa na hofu ya kufukuzwa, watu husema walichokiona. Penye hofu wataficha, na ajali ile ile itarudi.

MASWALI YAKO, MSHAHARA NA HAKI ZAKO

Mwishoni utaambiwa: "Una swali?" Usiseme huna. Uliza zamu ya dharura inapangwaje na inalipwaje. Uliza hitilafu kubwa ya mwisho ilitokea lini na baada yake kulibadilika nini. Uliza aliyekuwa na nafasi hii amekwenda wapi. Uliza utakuwa na mamlaka gani: je, waweza kuzuia toleo jipya lisitoke kama halijapimwa? Mwenye kuwajibika bila mamlaka ni mtu aliyeandaliwa kubeba lawama.

Juu ya mshahara, uliza kiwango kilichotengwa kwa nafasi hiyo kabla hujataja chako. Ukibanwa, taja kiwango cha chini na cha juu ambacho umekifanyia uchunguzi kwa watu wa kazi ile ile. Posho, zamu, bima na vifaa vyote viwe kwenye maandishi. Usiache kazi uliyo nayo kwa ahadi ya mdomo.

Ukipewa kazi ya kwenda kuifanya nyumbani, uliza inatarajiwa kuchukua saa ngapi na kama inalipwa. Saa mbili au tatu zavumilika. Wiki nzima ya kujenga kitu ambacho kampuni yaweza kukiuza ni kazi, na kazi hulipwa.

Ukiulizwa kama una mimba, kama utaolewa, au wewe ni wa kabila gani, si lazima ujibu. Waweza kusema kwa upole: "Ningependa tuzungumze juu ya kazi." Kadhalika ukiulizwa kama u mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mfanyakazi alindwe asiajiriwe kwa sharti la kutojiunga na chama au la kukiacha. Andika swali hilo, tarehe na aliyelitoa, ulete kwa katibu wa tawi. Na kwa kuwa baadhi ya vyeo vya juu huhesabiwa kuwa upande wa mwajiri katika majadiliano, muulize katibu mapema uanachama wako utakuwaje ukipata nafasi. Ni bora kulijua hilo kabla ya kutia sahihi.

RATIBA YA WIKI SITA

Kwa mtu mwenye kazi na familia, saa moja kwa siku yatosha.

Wiki ya 1: soma tangazo, uliza maswali, andika orodha ya kazi zako zote za miaka mitano iliyopita.
Wiki ya 2: andika habari nane. Wapigie simu mliofanya kazi pamoja wakukumbushe. Nawe uwaulize wao walifanya nini.
Wiki ya 3 na ya 4: mazoezi ya kuandika programu siku tatu kwa wiki, usanifu wa mfumo siku tatu. Siku ya saba pumzika.
Wiki ya 5: usaili wa majaribio mara mbili mbele ya wenzako. Mmoja awe mkali.
Wiki ya 6: punguza. Soma habari zako kwa sauti, hakikisha vifaa, lala mapema.

Siku hiyo hiyo baada ya usaili andika maswali yote uliyoulizwa. Ukikosa, omba kwa adabu kuambiwa ulipungukiwa wapi. Wengine hawatajibu, lakini atakayejibu amekupa kitabu.

Dada yetu alifanya hivyo. Alipata maelezo, akayaleta tawini, tukakaa naye jioni tatu tukimsaili, na kila alipoanza na "tu-" pasipo sababu tulimsimamisha. Jioni ya kwanza alisimamishwa mara nyingi hata akacheka mwenyewe. Mwaka uliofuata alisailiwa mahali pengine, akapata. Jambo la kwanza aliloliomba kazini ni zamu ya dharura iwe ya watu wawili badala ya mmoja. Hatusemi kwamba kila atakayefuata maelezo haya atapata nafasi. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Tunasema asikose kwa sababu ya kutojua mlango uko wapi.

Tawi litaendelea kufanya usaili wa majaribio kwa wanachama watakaojiandikisha kwa katibu. Wale waliokwisha kupita usaili wa namna hii, wawe walipata au walikosa, tunawaomba waje wakae upande wa wasaili. Ujuzi wao nao ni mali ya chama.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Elimu ya Tawi